Kabichi Isiyo na Nyongeza

Dada yangu alipoolewa Msambweni, nyumba yetu ilibaki bila mtu wa kwenda gulioni. Yeye alikuwa akitoka kila Jumanne na kikapu kitupu na shilingi moja, na kurudi kikapu kimemlemea, mkononi bado ana senti za kununulia haluwa. Hakuna muuzaji aliyemweza. Jumanne ya kwanza baada ya harusi, mama alikiweka kikapu kile mlangoni, akanitazama, akasema, "Sasa ni zamu yako."

Nilikuwa msichana wa miaka kumi na sita. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, na Uhuru ulikuwa umetimiza miaka miwili. Katika miaka yote ya shule sidhani kama mwalimu aliisikia sauti yangu mara ishirini. Akiniuliza jambo nilikuwa nalijua, lakini jibu lilikwama kooni kama mwiba wa samaki, mpaka mwenzangu akalisema. Nyumbani nilizungumza vizuri. Nilizungumza na mama, na dada, na kuku. Watu wengine niliwaamkia tu, kisha nikatazama chini.

Gulio letu lilikuwa dogo. Ni kiwanja cha mchanga penye njia panda, upande wa Bongwe. Wanawake walifika asubuhi na kile walichokichuma au kukichimba saa ile ile: muhogo wenye udongo bado mbichi, mchicha wenye umande, bamia, mabiringani, kunde katika maganda yake, ndimu, nazi. Wengine walitoka Tiwi na viazi vitamu. Wakati ule hapakuwa na mtu wa kuuliza kama mboga imetiwa dawa, maana dawa yenyewe nani angeinunua? Mbolea ilikuwa mavi ya mbuzi na majivu ya jikoni. Ni wale tu waliofanya kazi katika mashamba makubwa ya miwa, kule Ramisi, waliozungumza habari za mbolea ya chumvi inayokuja kwa magunia, nao waliizungumza kama jambo la serikali.

Kununua pale kulikuwa na utaratibu wake. Bei ya kwanza haikuwa bei. Ilikuwa kama hodi. Ukiambiwa bei, wewe washtuka, wajishika kifua. Muuzaji anakuuliza mvua ya kwenu imenyesha? Unamjibu, unamtajia nusu ya bei yake. Yeye anauliza kama unataka watoto wake wale mchanga. Mnakwenda hivyo, mnapeana habari za wagonjwa na za harusi, mpaka mnakutana katikati. Hapo ndipo anapokufungia mboga yako, na juu yake anatia nyongeza: kiganja cha mchicha, ndimu moja, bamia mbili tatu. Nyongeza hailipiwi. Kitu kilichonunuliwa bila nyongeza kilionekana uchi.

Niliyajua hayo yote. Nilikuwa nimemfuata dada mara nyingi, nikisimama nyuma ya leso yake. Kuyajua ni kitu kimoja, kuyatenda ni kingine.

Nilianzia kwa bibi mmoja mnene aliyeuza mchicha. Alikuwa ndiye kama mwenyekiti wa gulio. Lake likisemwa, limesemwa. Nilimwambia shikamoo, akaitikia marahaba, nikaonyesha mafungu matatu kwa kidole.

"Senti thelathini," akasema.

Nikampa senti thelathini.

Akazitazama. "Ndiyo nini hii?"

"Senti thelathini, bibi."

"Naona ni thelathini. Mbona wanipa?"

"Umesema thelathini."

"Nimesema!" Akawageukia wenzake. "Jamani, njooni mumwone huyu! Nimesema, naye akatoa! Wewe ni Mzungu wa pwani ya Diani, unayenunua huku unakimbilia kuogelea?"

Wakacheka wote. Mmoja akasema, "Si ndiye mdogo wake yule aliyeolewa Msambweni? Ala! Yule saa hizi angekuwa bado yuko kwenye shikamoo."

Nilikitwaa kikapu nikaondoka mbio. Nilipofika kwenye barabara nilisikia nyayo nyuma yangu. Ni yule bibi, anahema, mikono imejaa mchicha. "Chukua, mwanangu, chukua! Nisije nikalala na dhambi." Akanishindilia kikapuni viganja vitatu, halafu cha nne. Huruma ile ilinichoma kuliko kicheko.

Jumanne tatu nilikwenda hivyo. Nililipa bei ya kwanza, wakacheka, wakanifuata mbio na nyongeza. Jumanne ya nne nilimkuta mwanamke mgeni.

Alikuwa mtu wa bara, Mkamba, katika wale waliogawiwa mashamba kule juu, upande wa Shimba. Alikuja na baiskeli ya mumewe, gunia limefungwa nyuma kwa kamba ya katani. Alikuwa hajui kuipanda. Aliisukuma tu njia nzima, tangu giza la alfajiri. Alitandika gunia lake pembeni, mbali kidogo na wengine, akapanga kabichi kumi na tano kwa mistari, zimenyooka kama watoto wa shule mbele ya bendera. Kabichi zilikuwa nzuri, ngumu, za kijani kibichi, na juu ya jani moja moja palikuwa na tundu la mdudu. Nikasogea.

"Thumuni," akasema.

Nikampa thumuni, nusu shilingi. Akanipa kabichi.

Basi. Hakuuliza mimi ni mtoto wa nani. Hakucheka. Hakunifuata. Nilitoka pale mwepesi kama niliyevuliwa mzigo, na njia nzima nilikuwa nikiipakata kabichi ile kama mtoto mchanga. Niliona kwamba Mungu amenionea huruma akaniletea muuzaji wa namna yangu.

Mama aliikata nyembamba, akaikaanga na kitunguu na bizari, akaitia tui la nazi. Tulikula hadi tukafuta sufuria. Kisha akauliza, "Na nyongeza yake?"

"Hatii nyongeza."

"Hatii? Hata ndimu?"

"Anauza kabichi peke yake, mama."

"Mtu asiyetia nyongeza ana kinyongo," mama akasema, akinyonya kidole. "Lakini kabichi yake tamu."

Jumanne iliyofuata nilikuwa wa kwanza kununua kwake, na nilikuwa wa mwisho. Nilikaa karibu na wauza nazi nikaona mambo yalivyokuwa. Yule bibi wa mchicha mwenyewe alikwenda kuziangalia kabichi. Aliinama, akagonga moja kwa kidole, akauliza bei.

"Thumuni."

"Thumuni!" Bibi akajishika kifua. "Kwani kabichi hii imehiji?"

Tulikuwa tunajua sote kwamba bibi ameipenda ile kabichi. Asingeipenda asingesema lolote. Lakini yule mama wa bara alikunja uso. Akasema, "Taka, chukua. Hataki, wacha."

Bibi akanyanyuka taratibu. Alirudi penye mchicha wake, akawaambia wenzake, "Nimefukuzwa." Habari ikaenea kabla jua halijapanda: mama wa bara anajivuna, mama wa bara hazungumzi na watu. Wengine walikwenda kumjaribu, kila mmoja na mzaha wake, na kila mmoja alirudi na "taka, chukua." Saa sita alizirudisha kabichi zote guniani isipokuwa yangu moja, akaanza kuisukuma baiskeli kupanda mlima.

Jumanne ya pili ikawa vile vile. Nilipokwenda kununua sikuona mistari. Alikuwa ameziacha kabichi juu ya gunia hovyo, naye ameketi anazitazama. Nilimpa thumuni. Akanipa kabichi, kisha akaushika mkono wangu.

"Wewe peke yako nanunua," akasema. "Kwa nini?"

Ningemwambia kwamba ni kwa sababu haniulizi maswali?

"Bwana yangu amesema," akaendelea. "Kabichi narudi tu kila Jumanne. Ikirudi mpaka Jumanne ijayo, hiyo bustani nang'oa, napanda mahindi. Yeye si mtu mbaya. Anaona mimi nasukuma baiskeli bure." Akaigeuza kabichi moja mapajani. "Lakini hii bustani ni yangu. Mahindi ni yake, mbuzi ni yake, bustani ni yangu. Maji nabeba kutoka mtoni kwa debe. Mbolea nabeba kwa kichwa. Hakuna kingine kule ni yangu." Akaiweka kabichi chini. "Watu ya hapa iko na dharau. Mimi nasema bei, wao nacheka. Nasema ati kabichi imeenda Maka!"

Nilitazama chini kama kawaida yangu. Halafu nikasikia sauti ikisema, "Si dharau, mama." Ilikuwa sauti yangu.

"Ni nini?"

"Wanataka kununua."

Akanitazama kama niliyepungukiwa na akili. Nikachuchumaa. Nilianza kumweleza, kwanza kwa vipande vipande, kwamba bei ya kwanza ni hodi tu, na mtu akikupigia hodi humwambii ingia au toka, unamuuliza habari za kwake. Kwamba bibi akijishika kifua ndiyo amependa. Kwamba anayechukia haulizi, anapita. Nadhani sikuwahi kusema maneno mengi hivyo kwa mtu nisiyemjua. Yeye alisikiliza akiwa amekunja uso.

"Kwa hiyo nasema uongo," akasema. "Nasema shilingi, halafu nashuka."

"Si uongo. Kila mtu anajua."

"Kama kila mtu anajua, kwa nini wasiseme thumuni, tukaenda nyumbani?"

Nikamwambia tujaribu. Nilisimama, nikaenda hatua tano, nikarudi kama mnunuzi. Nilijifanya dada yangu. Nikajishika kifua, nikasema, "Shilingi! Kwani kabichi yako imehiji?"

"Toka," akasema.

"Mama, usinifukuze."

"Pole. Imenitoka tu. Rudi tena."

Nikarudi tena. Mara ya pili alisema, "Hapana, haikuhiji," kwa upole, kama shahidi mahakamani. Mara ya tatu nilimwona anatafakari, midomo inacheza. Akasema, "Haikuhiji. Lakini imetembea kwa miguu kutoka mlimani. Wewe umetoka wapi, hata unachoka kuinunua?"

Nilicheka mpaka nikaketi mchangani. Naye akacheka, ndipo nikaona meno yake kwa mara ya kwanza. Mawili ya mbele yalikuwa yamechongwa. Tukaendelea. Nilimuuliza kama ameitia dawa ya miwa ndiyo maana imenenepa. Akasema dawa yake inatoka nyuma ya mbuzi, nikitaka atanifungia kidogo nikajipake. Nilimtajia senti kumi. Akaniuliza kama hiyo ndiyo mahari niliyotolewa. Watu waliopita walitugeukia, nami sikuona haya mpaka baadaye nilipokuwa njiani.

Palikuwa na jambo moja lililotushinda: nyongeza. Muuza mchicha anaongeza kiganja cha mchicha. Kabichi utaongeza nini? Ukikata robo, hiyo uliyoikata nani ataichukua? Tulifikiri sana juu ya hilo. Mwisho akauliza, "Ninyi mnakula dania?"

"Hatuli siku bila dania."

"Kwangu imeota kama nyasi," akasema. "Mbuzi imechoka nayo."

Wiki ile nililala vibaya. Tulikuwa tumekubaliana kwamba Jumanne mimi ndiye nitakayeanza, mbele ya watu, kwa sauti, ili wengine wasikie. Kwake yeye bustani nzima ilikuwa juu ya Jumanne ile. Mimi nilikuwa nimejitolea sauti ambayo sikuwa na hakika nayo. Nilifanya mazoezi na kuku. Mama alichungulia mara moja, akaniona nimejishika kifua mbele ya jogoo, akarudi jikoni.

Jumanne nilifika mapema, lakini gulio lilikuwa limejaa tayari, maana mvua ilikuwa imenyesha vizuri na kila mtu alikuwa na kitu. Yule mama alikuwa amezipanga kabichi zake ishirini kwa mistari. Pembeni yake palikuwa na beseni la dania, vishada vidogo vidogo vimefungwa kwa ukindu, na harufu yake ilifika mpaka kwa wauza nazi. Nilisimama mbele yake. Nilikuwa na maneno yote, nayo yote yakageuka mwiba. Yeye alingoja. Nikaona mikono yake imekamata ncha za leso, anaikunja na kuikunjua.

Nikafungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa: "Bei gani?" Kidogo, kama sauti ya kifaranga.

"Shilingi!" akajibu. Yeye alipaza sauti hata punda angeshtuka. Kila kichwa kikageuka.

Sikuwa na njia ya kurudi. "Shilingi!" nikasema, na nikapiga kifua kweli, kikalia. "Kwani imehiji hiyo?"

"Haikuhiji! Imetembea kwa miguu kutoka mlimani! Wewe umetoka wapi, hata unachoka?"

Muuza viazi wa Tiwi akaguna, "Haa! Amejibiwa!"

"Senti kumi," nikasema.

"Senti kumi ni mahari yako?"

Walicheka. Kicheko kile kile kilichokuwa kikinifukuza mbio, siku ile kilinisimamisha wima. Nikasema, "Kwa mahari yangu, kabichi zako zote pamoja na wewe mwenyewe hamtoshi," nalo hilo hatukulifanyia mazoezi. Yeye akapiga makofi, akasahau zamu yake, akasema, "Vizuri hiyo!" Watu wakazidi kucheka. Nikamaliza kwa senti arubaini na tano. Alinifungia kabichi yangu, na juu yake, polepole ili wote waone, akaweka kishada cha dania.

Yule bibi wa mchicha alikuwa ameshafika. Alinusa. "Na mimi nikinunua natiwa hiyo?"

"Mvua ya kwenu imenyesha, mama?" akauliza mama wa bara.

Bibi akamtazama juu mpaka chini, akavuta kigoda cha mtu akaketi. "Sasa," akasema, "umefika." Wakaanza. Walikwenda muda mrefu. Walipita kwenye mvua, wakapita kwenye magoti ya bibi na mbuzi aliyezaa mapacha, na bibi alipouliza kama kabichi zile zina nyama ndani, mama wa bara alimwambia, "Fungua uangalie, ukiikuta ni yako, mfupa urudishe." Nyuma ya bibi watu walisimama kwa foleni, si kwa kuwa walikosa subira, bali hawakutaka kupitwa na neno.

Kabla ya saa tano mistari ilikuwa imekwisha. Ya mwisho aliichukua muuza viazi, na kwa kuwa dania ilikuwa imekwisha nayo, alipewa beseni anuse. Alikubali, akalinusa beseni lote mbele ya watu.

Mama wa bara aliketi akilitazama gunia lake tupu. Kisha akasimama akaenda kwa bibi wa mchicha, na alipojishika kifua kusikia bei, bibi alifurahi kama aliyetembelewa na mkwe. Alipofungiwa mchicha wake, akaongezewa viganja viwili juu, aliuliza, "Hii ni ya nani?"

"Ni yako."

"Sikulipa."

"Ndiyo maana ni yako," bibi akasema.

Jumanne iliyofuata alikuja na mtu. Ni mumewe, mwanamume mrefu mwenye koti la zamani, amebeba gunia la pili begani. Alikuwa amekuja kujionea kwa macho. Mkewe aliniambia pembeni, akijaribu kuzuia furaha isimtoke puani, kwamba mahindi hayakupandwa. Bwana amelima matuta manne zaidi, tena ya bustani. Halafu akamwachia kabichi, akaenda kununua nazi.

Bibi wa mchicha hakuchelewa. "Shemeji! Kabichi bei gani leo?"

"Thumuni," akasema yule bwana kwa sauti ndogo.

"Thumuni! Shemeji, wataka kunivua leso?"

Akatazama chini. "Ndiyo," akasema.

"Ndiyo nini?"

"Ndiyo, thumuni."

Bibi alicheka mpaka akashika bega la jirani yake, na kicheko kikazunguka gulio zima. Yule bwana masikio yalimwiva. Alianza kuzipanga upya kabichi zilizokuwa zimepangika vizuri. Mkewe akaniita toka kwa wauza nazi, "Mwanangu! Huyo bado! Kaa na yeye!"

Nikaenda nikachuchumaa mbele yake. Nikamwambia, "Shikamoo, baba."

"Marahaba," akajibu, bila kuinua macho.

Nikajishika kifua, polepole, nisimshtue, nikamuuliza kama kwao mvua imenyesha.